Ule weusi si rangi

Umeuliza kama ule weusi kwenye pete za Wahopi, kabila la wenyeji asilia wa Marekani, ni rangi ya kupakwa. Hapana ndugu yangu, haupakwi kwa brashi. Pete ina mabamba mawili ya fedha: la juu hukatwa mchoro kwa msumeno mwembamba kama uzi, kisha hulehemiwa juu ya la chini. Sehemu iliyozama hugongwagongwa kwa tindo ikwaruzike, halafu hutiwa dawa ya salfa ikageuka nyeusi. Juu hung'arishwa. Na wala si mtindo wa kale kama watu wanavyodhani. Ulishika hasa kuanzia 1947, mchoraji Fred Kabotie na sonara Paul Saufkie walipowafundisha Wahopi waliotoka vitani, huko Arizona. Lawrence, mwanawe Saufkie, naye alifunzwa na babake. Weusi ukifutika kwa kidole, ujue umetapeliwa.