Ruta ya zamani usiitupe, ivue ukubwa

Nyumba yetu hapa Mikindani ni ya urithi, ya mawe ya matumbawe na chokaa. Kuta zake ni nene kiasi kwamba mtoto akikaa dirishani anaenea mzima. Kwa joto la Januari ni neema, kwa waifai ni balaa. Ruta, lile boksi linalogawa intaneti, iko sebuleni. Kule uani anakolala shangazi, simu inashika kidogo kisha inakata. Kila jioni shangazi alibeba kigoda chake hadi ukumbini ili aongee na mwanawe kwa video, na habari zote za mkwewe tukazijua bila kuuliza.

Nilitaka kununua kile kifaa cha kuchomeka kwenye soketi, kinachodaka waifai na kuirusha tena. Nikasita, maana kwa kawaida vile vya bei rahisi hupokea na kurusha kwa redio moja, hivyo kasi hupungua hata kufika nusu. Chini ya kitanda nilikuwa na ruta niliyoistaafisha, nzima, na adapta yake ya volti 12. Nikaona waya ndio njia: ipokee intaneti kwa waya kutoka ruta kubwa ya sebuleni, kisha irushe waifai kule uani.

Siku ya kwanza nilivuruga. Nilivuta waya kutoka ruta kubwa hadi ile ya zamani, nikaiwasha kama ilivyo. Haikupita nusu saa, nyumba nzima haina intaneti. "Baba, umegusa nini?" shangazi akaniuliza, na hapo bado nilikuwa naisingizia mvua. Kumbe ruta zote mbili zilikuwa na anwani 192.168.1.1, na zote mbili zilikuwa zinagawa anwani kwa simu za watu, kazi inayoitwa DHCP. Simu iliyopewa anwani na ile ya zamani iliona imeunganishwa vizuri, ila ilipelekwa kwenye mlango usio na barabara. Mafahari wawili hawakai zizi moja.

Basi kazi nzima ni kuivua ukubwa ile ya zamani. Ichomoe kwenye mtandao, kisha ikiwa na umeme bonyeza kwa pini kitufe kilicho kwenye kitundu cha Reset kwa sekunde 10 hivi, isahau mambo yake ya zamani. Iunganishe na kompyuta peke yake kwa waya, fungua kivinjari, ingia kwa anwani na neno la siri vilivyobandikwa chini yake. Kwanza ipe anwani mpya ya familia ileile, yaani namba tatu za mwanzo zisibadilike, ambayo ruta kubwa haiigawi kwa mtu. Yangu nimeipa 192.168.1.2, baada ya kuiambia ile kubwa ianze kugawa kuanzia 192.168.1.100. Ingia tena kwa anwani hiyo mpya, ndipo uzime DHCP. Ukianza na kuzima, kompyuta inaweza kukosa anwani na utabaki unagonga mlango uliojifungia nje mwenyewe. Iandike anwani hiyo kwa kalamu juu ya ruta yenyewe, utakuja kunishukuru.

Jina la waifai na neno la siri weka sawa na la ruta kubwa, na kwenye usalama, yaani kufuli la waifai, chagua WPA2. Kama ruta yako inajua WEP tu, kufuli la zamani linalovunjwa kirahisi, hiyo kweli itupe. Kwenye masafa ya 2.4 GHz, kubwa ikiwa chaneli 1, hii ipe 6 au 11 zisipigiane kelele.

Mwisho waya: kutoka tundu la LAN, la vifaa vya ndani ya nyumba, kwenda tundu la LAN. Lile la WAN, la kupokea intaneti kutoka nje, mara nyingi lenye rangi yake, liache wazi. Ukilitumia, intaneti huenda ikaja, lakini printa ya sebuleni haitaonekana uani.

Waya wa mtandao wa aina ya Cat5e unafika mita 100; wangu ni mita 22. Sikutoboa ukuta, matumbawe yakianza kumeguka hayajui kuacha. Nimepitisha kwenye kona ya dirisha, juu ya dari, hadi uani, nao ni ule mweusi wa kuhimili jua. Wa kawaida nje hukauka na kupasuka.

Radi ikianza kunguruma nachomoa waya na adapta pande zote mbili. Shangazi sasa ndiye anayeniwahi kunikumbusha, akiwa kitandani, mlango ameufunga, na habari za mkwewe hatuzijui tena.