Redio ya intaneti ama ya setilaiti kwa gari? Ushauri wa mtu wa barabara ya Nakuru–Kisumu

Nianze na hii ndio usipoteze pesa: kama uko Kenya, redio ya setilaiti ya gari sahau. Si eti ni mbaya, ni nzuri sana, shida tu ni kwamba hapa haiko. Ile SiriusXM watu wanaona kwa video za magari ya Marekani, setilaiti zake zinamulika Marekani na Kanada, ukileta redio yake uifunge kwa gari hapa Nakuru itawaka taa vizuri na itanyamaza vivyo hivyo. Kwa hivyo mtu akikuuzia redio ya gari na akuongezee bei juu eti inashika setilaiti, mwambie asante na utembee.

Lakini swali lenyewe nalielewa, hata mimi liliingia kichwani juu ya binamu yangu anaendesha lori huko Minnesota. Huyo kila tukiongea ni kunicheka, "sis, nyinyi bado mnazungusha kitufe cha redio kila kilima?" Yeye anatoka Minnesota anateremka mpaka Texas na stesheni ni ile ile, hakuna mikwaruzo, hakuna kutafuta, inakatika tu akiingia chini ya daraja ama katikati ya majumba marefu, na hata huko mijini kampuni imeweka mitambo ya ardhini ya kurudia mawimbi. Halafu haimlii data hata kidogo. Setilaiti inamwaga kama mvua, inanyeshea mabati ya kila mtu sawa, wakisikiliza watu kumi ama milioni kwake ni moja, wakati intaneti kila msikilizaji anajichotea na mtungi wake na mtungi unalipiwa. Hapo ndio tofauti yote iko, ukiishika hiyo mengine yote utayapanga mwenyewe.

Sasa sikia kitu kilinichekesha. Huyo huyo binamu, analipia setilaiti kila mwezi, asubuhi yake akitaka kusikia watu wa nyumbani anafanya nini? Anafungua simu, anashika Mulembe FM kwa intaneti, anaunganisha na Bluetooth ya lori. Setilaiti na chaneli zake zote haina hata moja ya kumwambia mvua imenyesha Kakamega ama bei ya mahindi imefika wapi. Nikamwambia basi tuko sawa bro, tofauti yetu ni barabara. Siku hizi hata hao SiriusXM wana redio inaitwa 360L, inachanganya setilaiti na intaneti kwa dashibodi moja, kumaanisha wenye setilaiti wenyewe wameona upande mmoja hautoshi.

Na usidhani Afrika haijawahi kuwa nayo. Ilikuwa nayo mapema kuliko Marekani. Kampuni iliitwa WorldSpace, mwanzilishi ni Noah Samara, mzaliwa wa Ethiopia, na setilaiti yao AfriStar ilirushwa Oktoba 1998, wakati XM ya Marekani ilianza kusikika 2001 na Sirius 2002. Hapa Kenya hizo redio ziliingia mpaka shule za msingi, vipindi vya masomo vilikuwa vinarushwa kupitia huko. Lakini kilikuwa kifaa cha kukaa mahali pamoja, unaweka ile antena bapa dirishani ama nje, unaielekeza juu angani, ikiinama kidogo upande wa magharibi, mpaka ishike, si kitu cha kufunga kwa Probox uende nayo Busia. WorldSpace ikafilisika 2008, mwaka ule ule Sirius na XM zikaungana zikawa kampuni moja, ndio hiyo SiriusXM. Kwa hivyo wenzetu walibaki na yao na sisi yetu ikaisha, na ikiwa kuna mtu amejaribu kuirudisha kwa magari ya huku mimi sijaiona dukani.

Haya, tuingie kwa yetu. Mimi napeleka bidhaa za agrovet kutoka Nakuru kwenda Kisumu, wakati mwingine napanda Kakamega ama nashuka mpaka Busia, kwa hivyo redio kwangu si anasa, ni ya kunikeep macho wazi pale Salgaa malori yakitambaa. Na gari yangu kama zenu nyingi ni ya Japani.

Hapo kwa Japani ndio watu wengi wanaanza na mguu mbaya. Redio nyingi za magari ya Japani zinashika FM kutoka 76 mpaka 90, na zetu ziko 87.5 mpaka 108, kwa hivyo gari ikitoka Mombasa unapata vistesheni viwili vitatu hapo chini na unaanza kufikiria redio imekufa. Fundi mmoja wa pale Nakuru aliniambia bila hata kufungua, "Madam, hiyo haijaharibika, hiyo inataka ekspanda." Ekspanda ni kakisanduku kadogo kanaingia kati ya antena na redio, kanashusha masafa. Sasa kitu mafundi wengi hawakuambii ni kwamba ekspanda ziko za namba tofauti. Ya 12 inakupatia kuanzia 88 mpaka 102, stesheni ya 100.0 utaiona kwa kioo ikisoma 88.0. Ya 18 inakupatia 94 mpaka 108. Hakuna moja inakupa zote! Kwa hivyo kabla hujalipa, andika stesheni zako kwa karatasi na masafa yake ya mahali unaishi, sio ya Nairobi, juu stesheni moja iko na namba tofauti Nakuru, tofauti Kericho, tofauti Kisumu, ndio uchague ekspanda. Ama ununue redio nyingine kabisa iko na Bluetooth, FM ya kawaida na tundu la USB, na kwa maoni yangu kama pesa iko fanya hiyo na uachane na vikisanduku.

Kama pesa haiko, kuna modyuleta, ile unachomeka pale kwa tundu la kuwashia sigara, simu inaongea nayo kwa Bluetooth nayo inarusha FM yake ndogo ndani ya gari. Na hapa gari ya Japani bila ekspanda haijakufungia mlango, modyuleta inarusha 87.5 mpaka 108, redio yako inaishia 90, kwa hivyo mnakutana kati ya 87.5 na 90. Weka mahali hakuna stesheni. Shida ni ile nafasi tupu ya Nakuru ukifika Kericho inaweza kuwa na mwenyewe, unasikia mhubiri anaingilia mpira wako, hapo unasimama kando na unahamisha pande zote mbili. Kama una ekspanda tayari, modyuleta lazima iwe ndani ya yale masafa ekspanda yako inashusha, jaribu ukiwa umesimama, usijaribu ukiendesha.

Waya ya AUX, ile inatoka kwa simu mpaka kwa redio, ndio inatoa sauti safi kuliko modyuleta, lakini ukichaji simu hapo hapo na chaja ya bei ya chini utasikia kamlio nyiiii kanapanda ukikanyaga mafuta. Si spika zimeharibika. Ni umeme wa gari unaingia kwa sauti kupitia chaja. Chomoa chaja uone kama kanaisha, kakiisha nunua chaja nzuri ama kale kakifaa ka kutenganisha kanaingia katikati ya waya, wauzaji wa redio za gari wanakajua.

Data sasa. Watu wanaogopa data ya redio bure tu. Redio ya intaneti ya 64 kilobiti kwa sekunde inakula kama MB 29 kwa saa. Ya 128 inakula kama MB 58. Nakuru mpaka Kisumu ni kama kilomita 180, nikienda pole na malori ya Mau Summit tuseme masaa manne, hiyo ni kama MB 115 kwa ile ya 64. Bando ya kawaida inabeba. Kitu kinamaliza watu ni kufungua YouTube na kuilaza kwa kiti ati ni redio, hapo unalipia picha hakuna mtu anaangalia. Tumia programu ya redio yenyewe ya stesheni ama TuneIn, ile programu yenye stesheni nyingi pamoja, na kama kuna mahali pa kuchagua ubora wa sauti chagua wa chini, kwa kelele ya Probox kwa barabara hutasikia tofauti.

Netiweki ndio mwalimu. Nakuru mjini, sawa. Ukipita Sachangwan kwenda Mau Summit inaanza kupumua, ukikata kushoto kuelekea Londiani Junction kuna mahali inashuka mpaka inasimama, Kericho inarudi vizuri, halafu ukiteremka kwenda Awasi na Ahero kule tambarare iko poa tu. Kwa hivyo mpango wangu ni huu na sijapata mzuri kuuliko: Nakuru mjini nasikiliza intaneti, nikianza kupanda nahamia kitu nimedownload usiku kwa waifai, vipindi vya BBC Swahili ama mahubiri ama mazungumzo yoyote, Kericho narudi hewani, na FM naiweka kwa kitu kimoja intaneti haiwezi, yaani mpira.

Mpira wa moja kwa moja usisikilize kwa intaneti kama uko na mtu mwenye FM karibu. Intaneti inakuja nyuma, wakati mwingine nusu dakika na zaidi, juu sauti inakusanywa kwanza ndio isikatike. Siku ya Mashemeji derby, Gor Mahia na AFC Leopards, nimepakia kijana wa Gor, mimi ni Ingwe damu, yaani Leopards, tuko pale Ahero kwa stendi ya boda boda, wanaume kwa kibanda wanaruka na kupiga kelele na kwa simu yangu bado mpira uko katikati ya uwanja, kijana ananiangalia ananiuliza, "Auntie, wamefunga ama wamefungwa?" Hiyo nusu dakika ilikuwa ndefu bana. Kwa setilaiti pia kuna kuchelewa, hata binamu anasema hivyo, FM ya kawaida ndio bado inafika kwanza.

FM yenyewe inaenda mahali inaona, ndio maana ukijificha nyuma ya milima ya Nandi ama ndani ya bonde inapotea ghafla na ukitokea kona inayofuata iko. Haitaki bando, haitaki chaji, usiidharau.

Simu isikae juu ya dashibodi na jua la Kisumu, inachemka, inajizima ama inapunguza kasi na unalaumu netiweki. Weka karibu na tundu la hewa. Na chagua stesheni kabla ya kuondoa gari, kushika simu ukiendesha ni kosa la trafiki, na malori ya hiyo barabara hayangoji wewe umalize kutafuta.

Ukienda Busia, hii watu wengi hawaijui: kabla hujafika zima data ya roaming. Simu ikiona mnara wa Uganda ni wenye nguvu inaruka huko bila kukuuliza, na redio inaendelea kucheza vizuri kabisa huku inakula kwa bei nyingine. Kwangu roaming imezimwa moja kwa moja.

Na wale wananiuliza kuhusu Starlink, hiyo iliingia Kenya 2023 na ni intaneti ya setilaiti, si redio ya setilaiti, ni vitu viwili tofauti. Ndio, ukiwa nayo nyumbani utasikiliza stesheni yoyote ya dunia. Lakini kuifunga juu ya Probox, uitafutie umeme na uilipie kila mwezi ndio tu usikie Mulembe FM pale Londiani Junction, aki hapana, pakua kipindi usiku.