Wimbo wa Dylan au wimbo wa Hendrix?

SWALI: Naandika makala kuhusu "All Along the Watchtower". Nimeanza hivi: "Nyimbo hii ya Jimi Hendrix imerudiwa kutoka kwa Bob Dylan." Mwenzangu kasema sentensi nzima mbovu, na kwamba wimbo wenyewe si wa Hendrix hata kidogo. Ni kweli? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Mwenzako ana haki nusu. La haraka kwanza: mmoja ni wimbo, zikizidi ni nyimbo. Wimbo huu, nyimbo hizi. "Nyimbo hii" inasikika redioni kila siku, ila kwenye makala mhariri ataifyeka.

Kwenye "wa Hendrix" amekaza mno. A-unganifu, yaani hiyo "wa" inayounganisha wimbo na jina, hubeba mengi: mtunzi, mwimbaji, hata mwenye haki za kuuza. Tunasema "Malaika wa Miriam Makeba" bila kumaanisha kwamba yeye ndiye aliyeutunga. Fadhili William wa Kenya alikwisha kuurekodi kabla yake. (Na ni "Malaika umevuma", kwa kuwa nyuma ya jina kuna neno wimbo. Ukisema "amevuma" umemtaja malaika mwenyewe.)

Utata unakuja wakiwa wawili. "Wimbo wa Dylan na Hendrix" utamfanya msomaji adhani walikaa chumba kimoja wakautunga. Wapi! Dylan aliurekodi Nashville Novemba 1967 kwa gitaa kavu na harmonika, dakika mbili na nusu tu. Hendrix akaanza kuushughulikia London Januari 1968, akautoa mwaka huohuo ukiwa umejaa gitaa la umeme, ukafika nafasi ya 5 Uingereza na ya 20 Marekani. Hapo waachie vitenzi kazi: "Wimbo huu uliotungwa na Bob Dylan, ukaimbwa upya na Jimi Hendrix..." Hiyo -ka- imeshamwambia msomaji nani alitangulia.

"Kurudiwa" linateleza. Mtangazaji akisema wimbo umerudiwa, kaupiga mara ya pili. "Kutoka kwa" nayo ni mzigo wa bure, iondoe. Wanamuziki wetu wana "kukopi", lakini kukopi ni kuupiga vilevile ulivyo kwenye sahani, na Hendrix hakukopi. Maneno aliyaacha karibu yalivyokuwa, muziki akaupindua. "Toleo la Hendrix" linamfaa zaidi, kama ambavyo "toleo la U2" linalifaa lile la bendi hiyo ya Ireland la 1988.

Utakapofika kwenye ziara ya Dylan ya 1974, kuwa mwangalifu. Kuanzia hapo amekuwa akiupiga kwa nguvu zinazomkaribia Hendrix, na mwenyewe amewahi kukiri hivyo. Usiandike kwamba Dylan "aliimba upya wimbo wa Hendrix", maana utunzi ni wake. Andika "aliupiga kwa mtindo wa Hendrix", na mwenzako hatakuwa na pa kushika.