Ua hunyauka, maji hukauka, rangi hupauka

Anayeanza kuchora mimea, ndege na wadudu kwa rangi za maji huuliza kwanza anunue brashi gani. Brashi tutaifikia. Kinachowaangusha wengi katika kazi hii ni muda: sampuli haikai kama ulivyoikuta, unyevu wa karatasi haukusubiri ufikirie, na picha iliyokamilika inaweza kupoteza rangi ikiwa imetundikwa ukutani. Ukielewa mambo hayo matatu yanavyokwenda, hutaipanga tena siku yako ya kazi kama zamani.

Chukua ua la haibiskasi. Kwa kawaida hufunguka asubuhi, na jioni petali zimeshaanza kujikunja. Kwa hiyo ua hutangulia, majani hufuata, shina huja mwisho, maana shina litakuwa vilevile hata kesho kutwa. Nusu saa ya kwanza usishike brashi kabisa: hesabu, pima, andika. Ua la kawaida, lisilo na petali za ziada, lina petali 5, kila moja imeilalia jirani yake upande mmoja na kulaliwa na nyingine upande wa pili, kama mapanga ya feni. Katikati hutoka mrija mmoja, nao ni nyuzi za stameni (viungo vya kiume vya ua) zilizoungana; vifuko vya chavua vimejipanga kuuzunguka. Shingo ya pistili (kiungo cha kike) hupita ndani ya mrija huo, ikachomoza nchani na kugawanyika matawi 5, kila tawi na kichwa cha duara chenye vinyweleo. Sasa ligeuze ua. Chini ya sepali, yaani vijani vinavyoshika petali kwa nyuma, kuna duara jingine la vijani vyembamba. Wanaoanza huvisahau mara kwa mara, kwa kuwa picha ya simu waliyoitegemea ilipigwa kutoka mbele. Mtaalamu wa mimea hatavisahau, na mchoro usio navyo atakurudishia.

Pima kwa bikari ya ncha mbili: gusa ncha na kitako cha petali, kisha hamishia umbali huo moja kwa moja kwenye karatasi. Kazi ya mimea huchorwa kwa ukubwa halisi pale inapowezekana. Kitu kidogo kuliko sentimita 1 pima kwa milimita, zidisha kwa 2 au 3, na utumie kizidisho hichohicho kwa kila sehemu yake. Kukisia kunaonekana hata kwa asiyejua kuchora. Ataona tu kwamba kuna kitu hakijakaa sawa.

Rangi nayo iandikwe mapema. Katika saa ya kwanza, changanya rangi ya petali, paka kipande cha karatasi ileile utakayochorea, kiache kikauke, kisha kiweke kando ya petali. Kukauka ni lazima, kwa sababu rangi za maji huwa hafifu zikikauka. Andika pembeni ulichanganya nini na nini. Picha ya simu piga, lakini itumie kukumbuka umbo. Zambarau na nyekundu kali hutoka si zenyewe. Kazi ikikatika, funga kikonyo kwa karatasi ya tishu yenye maji, weka ua ndani ya chombo chenye kifuniko, kikae kwenye friji. Sehemu ya kugandishia barafu italiua mara moja.

Kwa wadudu na ndege kosa kubwa ni moja: kuchora unachodhani badala ya unachoona. Miguu yote 6 ya mdudu hutoka kifuani, hakuna hata mmoja unaotoka tumboni. Kasuku na kigogota wana vidole viwili mbele na viwili nyuma, ilhali ndege wengi wanaotua matawini wana vitatu mbele na kimoja nyuma. Manyoya nayo hukaa kwa makundi, na kila kundi lina mwelekeo wake. Tafuta mipaka ya makundi kwanza, unyoya mmojammoja baadaye.

Mchoro wa penseli ufanye kwenye karatasi ya kawaida, ukisharekebishwa ndipo uuhamishie kwenye karatasi nzuri. Kifutio kikipita mara nyingi huchubua uso wa karatasi, na pale palipochubuka rangi itatua kama doa. Karatasi yenyewe iwe ya pamba asilimia 100, uzito wa gramu 300 kwa mita mraba au zaidi, yenye uso laini uliokandamizwa kwa joto, maana uso wenye vishimo hukatakata mistari myembamba. Ukikusudia kutumia maji mengi, iloweshe yote, ilaze juu ya ubao, bana kingo kwa tepu ya karatasi yenye gundi ya kulowanishwa, iache ikauke ikiwa imelala. Karatasi hutiwa gundi maalumu inayozuia maji yasinywewe haraka, na gundi hiyo huharibika karatasi ikikaa pahali penye unyevu. Ukiona rangi inazama papo hapo na kingo zake zinaota ndevu, badilisha karatasi. Mkono wako hauna kosa.

Hapa ndipo penye kiini cha ufundi wote: linganisha maji yaliyo kwenye brashi na maji yaliyo kwenye karatasi. Karatasi ikiwa inang'aa, rangi utakayodondosha itatambaa taratibu na kutoa kingo laini. Mng'ao ukiisha lakini ukigusa kwa mgongo wa kidole unasikia ubaridi, bado ina unyevu, na hicho ndicho kipindi cha hatari. Brashi yenye maji mengi ikigusa hapo, maji husukuma chembe za rangi hadi pembezoni na kuacha doa lenye kingo za mikunjomikunjo kama koliflawa. Kulisugua ni kuliongeza. Liache likauke kabisa, kisha lainisha kingo zake kwa brashi yenye unyevu kidogo. Kidole kisiposikia ubaridi tena, karatasi imekauka na inapokea tabaka jingine.

Jani moja lifanyike hivi. Shughulikia nusu moja, kutoka mshipa wa katikati hadi ukingo. Pakaa maji safi, subiri yang'ae sawasawa pasipo kidimbwi. Weka buluu hafifu mno pale jani linapoakisi anga, kisha dondosha kijani chenye nguvu kutoka upande wa kivuli, ukiacha ile buluu ipumue. Ondoa mkono. Usirudi kusawazisha, wengi huliharibu jani kwa hamu ya kulitengeneza. Likikauka ongeza tabaka la pili, la tatu, hata la tano, kila moja jepesi. Mishipa huja baada ya hapo, na hapa wengi hupotea kwa kuichora kama mistari myeupe iliyobandikwa. Katika majani mengi mshipa umezama kwa upande wa juu, nyama ya jani ndiyo imeinuka kati ya mshipa na mshipa. Basi paka kivuli cha huo mwinuko, upande mmoja wa mshipa kikiwa kizito na upande wa pili chepesi, na mshipa utajitokeza wenyewe. Hakikisha mshipa unapungua unene kadiri unavyokaribia ukingo. Mwisho malizia kwa brashi iliyo karibu kukauka, miguso mifupi inayofuata umbo la jani.

Kuhusu brashi: ya mviringo namba 6 na nyingine namba 3, zenye ncha inayorudi kila ikilowa, zinatosha kwa miezi mingi. Brashi ndogo sana hubeba maji kidogo mno, rangi inakauka kabla hujamaliza mstari. Wembamba wa mstari unatoka kwenye ncha. Ongeza moja bapa, ndogo, ya nyuzi za viwandani, kwa ajili ya kufutia rangi iliyokauka. Makopo ya maji yawe mawili, moja la kuoshea na moja la maji safi. Kijani kikichafuka, mara nyingi kopo ndilo la kulaumiwa.

Kwenye tyubu usisome jina la mbele, soma msimbo wa pigmenti (chembe zinazotoa rangi) ulioandikwa kwa herufi ndogo. Jina moja hubeba mchanganyiko tofauti kwa kila mtengenezaji, bali msimbo haudanganyi. Seti ya kuanzia: PY154 kwa manjano, PV19 ya waridi, PB29 ya buluu yenye joto, PB15:3 ya buluu yenye ukijani, na PBr7 ya kahawia. PB29 na PBr7 zikichanganywa hutoa kijivu hadi karibu nyeusi, kivuli kizuri kuliko nyeusi ya tyubu. PB15:3 hushika karatasi kwa nguvu na kuifuta ni shida, kwa hiyo itumie ukiwa na uhakika. PR83, nyekundu iliyopendwa kwa muda mrefu, hupauka kwa mwanga, iache. Jambo hili si geni: mwaka 1888 nchini Uingereza, wanasayansi Russell na Abney walitoa ripoti ya majaribio yao iliyoonyesha kwamba rangi nyingi za maji zilizokuwa zikitumika hupauka zikikaa mwangani. Jaribu zako mwenyewe: paka ukanda wa kila rangi, ukate katikati, nusu moja dirishani penye jua, nusu nyingine ndani ya kitabu kilichofungwa. Baada ya miezi 3 zilinganishe.

Kazi ya kulipwa ina taratibu zake. Mpe mteja mchoro wa penseli, athibitishe kwa maandishi kabla hujapaka rangi, maana kuongeza stameni kwenye penseli ni dakika 2 na kwenye rangi iliyokauka ni kuanza upya. Mkataba utaje picha itatumika wapi, kwa muda gani, na nani anabaki na karatasi halisi. Kuuza karatasi na kuuza hakimiliki ni mambo mawili. Usinakili picha ya mtu mwingine bila idhini yake, hata kama ndiyo pekee inayoonyesha mkao unaoutaka.

Kwenye skana tumia nukta 600 kwa inchi ukitarajia picha ikuzwe maradufu, ili ikichapishwa ibakiwe na 300. Zima marekebisho ya moja kwa moja, la sivyo matabaka hafifu yatageuka meupe na ukingo wa petali utatoweka. Kipimo kionyeshwe kwa mstari uliochorwa kando, kwa mfano mstari wa sentimita 1. Ukiandika tu "×2", mchapishaji akipunguza ukurasa maandishi hayo yatakuwa ya uongo, lakini mstari hupungua pamoja na picha.

Kabla ya kuihifadhi, geuza karatasi uandike nyuma, kwa penseli na wala si kwa wino: jina la kisayansi la kiumbe, tarehe, mahali sampuli ilipopatikana, kizidisho cha ukubwa na misimbo ya rangi ulizotumia. Iweke kati ya karatasi zisizo na asidi, imelala, mbali na dirisha.