Maswali yenu kuhusu Direktoria ya Ukraine

Nilipoitaja Direktoria, serikali ya mapinduzi iliyoongoza Ukraine katika vita vya wenyewe kwa wenyewe baada ya kuanguka kwa tsari, yaani mfalme, wa Urusi, wasomaji wengi waliniandikia. Hapa nawajibu baadhi yao.

Direktoria ndiyo nini? Jina linasikika kama ofisi ya mkurugenzi.

Hujakosea sana. Ni baraza la wakurugenzi watano, na jina liliazimwa Ufaransa, ambako watu watano walitawala pamoja kuanzia 1795 hadi 1799. Usiku wa kuamkia tarehe 14 Novemba 1918, wanasiasa wa vyama vya Kiukraine walikutana kwa siri mjini Kyiv, ndani ya jengo la Wizara ya Reli. Walimchagua Volodymyr Vynnychenko, mwandishi wa riwaya na msoshalisti, awe mwenyekiti. Pamoja naye walikuwamo Symon Petliura, mwandishi wa habari aliyekuja kuwa mkuu wa jeshi, na Fedir Shvets, Opanas Andriievsky na Andrii Makarenko. Shabaha yao ilikuwa kumng'oa Hetmani (cheo cha mtawala) Pavlo Skoropadsky, jenerali aliyeshika madaraka Aprili mwaka huohuo kwa msaada wa majeshi ya Ujerumani. Siku chache kabla ya mkutano huo Ujerumani ilikuwa imeshindwa vita, na Hetmani akabaki bila ngao.

Waliwezaje kumwangusha kwa mwezi mmoja, halafu wakaupoteza mji mkuu kwa wiki saba?

Jibu liko shambani. Mwaka 1917 wakulima walianza kugawana ardhi ya mabwana wakubwa. Hetmani akairudisha kwa wenyewe, na askari wa Kijerumani na wa Austria wakapita vijijini kuchukua nafaka. Kwa hiyo uasi ulipotangazwa kutoka Bila Tserkva, kusini mwa Kyiv, wanavijiji walimiminika na bunduki walizorudi nazo kutoka Vita Kuu ya Kwanza. Tarehe 18 Novemba jeshi la Hetmani lilipigwa karibu na stesheni ya Motovylivka. Tarehe 14 Desemba Hetmani alijiuzulu, akatoroka amefungwa bendeji kama majeruhi wa Kijerumani.

Lakini yule mkulima hakuja Kyiv kwa ajili ya watu watano. Alikuja kwa ajili ya ardhi. Direktoria ilitoa sheria ya ardhi tarehe 8 Januari 1919, na kwa wakati huo Wabolsheviki, wakomunisti wa Urusi, walikuwa wameshaitwaa Kharkiv, nao wakiahidi ardhi kwa sauti kubwa zaidi. Vikosi vilivyoingia mjini kwa makumi ya maelfu viliyeyuka. Wengine walirudi makwao, wengine wakahamia kwa Wabolsheviki pamoja na makamanda wao wa mitaani, waliojiita otamani. Tarehe 5 Februari Kyiv ikaanguka.

Wapo wanaoilaumu Direktoria kwamba katika wiki hizo chache ilishughulika na vibao vya maduka. Ni kweli iliamuru maandishi ya Kirusi yabadilishwe kuwa ya Kiukraine, na mafundi rangi wakapanda ngazi mtaa kwa mtaa huku adui akija. Mimi siwezi kuwalaumu kwa hilo. Mwaka 1876 tsari alipiga marufuku kuchapa vitabu kwa lugha yao. Mtu aliyekua akiambiwa lugha yake si lugha, siku akishika mji ataanza na kibao cha duka la mikate. Lawama yangu ni ardhi: neno hilo lilipaswa kusemwa siku ya kwanza, si baada ya wiki tatu.

Kuna utani kwamba serikali hiyo iliishi ndani ya treni. Ni kweli?

Karibu. Baada ya Kyiv ilihamia Vinnytsia, kisha Rivne, kisha Kamianets-Podilskyi, na sehemu kubwa ya safari ilikuwa ya reli. Watu wakatunga: behewani Direktoria, chini yake ndiyo nchi iliyobakia. Huo ni wimbo wa uchungu. Wiki mbili kabla ya kuupoteza mji, tarehe 22 Januari, uwanja wa Mtakatifu Sofia ulijaa watu waliokuja kusikia tangazo la muungano na ndugu zao wa Ukraine ya Magharibi, ambao nao walikuwa vitani na Poland.

Nimesoma kwamba Petliura aliua Wayahudi. Wewe unamtetea?

Simtetei, na swali hili halijibiki kwa neno moja. Jumamosi tarehe 15 Februari 1919, siku ya Sabato, katika mji wa Proskuriv unaoitwa leo Khmelnytskyi, askari wa otamani Semesenko waliingia nyumba za Wayahudi na mapanga na singe. Kisingizio kilikuwa jaribio la uasi wa Wabolsheviki asubuhi hiyo. Kwa saa chache waliua watu wapatao 1,500, wazee na watoto wachanga wakiwamo. Hao walikuwa askari wa Direktoria.

Direktoria hiyohiyo ilikuwa na wizara ya mambo ya Wayahudi, na hakuna amri ya Petliura inayojulikana iliyoagiza mauaji. Jeshi Jeupe la Denikin, jenerali wa Urusi aliyepigana na Wabolsheviki, nalo liliua Wayahudi wengi. Lakini Petliura ndiye aliyekuwa mkuu wa jeshi, na amri yake kali ya kuwaadhibu wauaji ilitoka tarehe 26 Agosti, miezi sita baada ya Proskuriv. Miezi hiyo sita ni deni lake. Tarehe 25 Mei 1926 alipigwa risasi mjini Paris na fundi saa Myahudi, Sholom Schwartzbard, ambaye ndugu zake waliuawa Ukraine. Mwaka uliofuata baraza la wazee wa mahakama lilimwachia huru.

Serikali hiyo ilikufa lini?

Novemba 1920 mabaki ya jeshi lake yalivuka mto Zbruch kuingia Poland. Serikali ya uhamishoni iliendelea miaka zaidi ya 70, hadi Agosti 1992, rais wake wa mwisho, Mykola Plaviuk, alipomkabidhi Leonid Kravchuk, rais wa Ukraine huru, hati za uongozi mjini Kyiv.

Kwaya yetu ya kanisani huimba wimbo wa kengele wakati wa Krismasi, na kiongozi anasema asili yake ni Ukraine. Unahusiana na haya?

Unahusiana sana, na nimefurahi umeuliza. Muziki ni wa Mykola Leontovych, na jina lake la kwanza ni "Shchedryk". Mwanzoni mwa 1919, Wabolsheviki wakikaribia, Petliura aliagiza kwaya chini ya Oleksandr Koshetz ipelekwe Ulaya, ili mataifa yajue kuna watu wanaoitwa Waukraine. Walianzia Prague. Tarehe 5 Oktoba 1922 waliimba Carnegie Hall, New York, wakati serikali iliyowatuma haikuwa na hata kijiji kimoja. Leontovych mwenyewe hakuwepo duniani: Januari 1921 alipigwa risasi nyumbani kwa wazazi wake na wakala wa Cheka, polisi wa siri wa Wabolsheviki.

Maneno ya kengele yaliandikwa Marekani mwaka 1936. Katika Kiukraine hakuna kengele. Kuna mbayuwayu anayeingia uani, anamwita mwenye nyumba atoke aende zizini, kondoo wake wamezaa.