Mwulize Mwalimu wa Kuchora: Mtoto Anafuta Mpaka Karatasi Inatoboka

*Shikamoo Mwalimu. Kijana wangu yuko darasa la nne, ana miaka kumi. Zamani alichora kila mahali, hadi mlango wa choo. Siku hizi akipewa kazi ya kuchora anavuta mstari mmoja, anafuta, anavuta tena, anafuta, mpaka karatasi inatoboka. Mwisho analia na kumpa dada yake amchorie. Anasema hana kipaji. Mimi mwenyewe hata kuku simuwezi. Nianzie wapi?*
*Mama wa Majengo, Moshi*

Marahaba, mama. Umri huo ndio wenyewe. Mtoto wa miaka minne huchora kichwa kilichoota miguu, akaridhika kabisa na kukuambia ni wewe. Akifika tisa au kumi anaanza kuona kwamba mbuzi wake hafanani na mbuzi wa jirani. Jicho limeutangulia mkono. Wengi huachia hapo, ndiyo maana mtu mzima ukimpa penseli ghafla anachora kama mtoto wa darasa la nne.

Kwanza ficha ufutio. Mimi na ufutio hatupatani, wenzangu wananijua. Mstari uliokosewa ukibaki, mtoto anaona wapi apitishe wa pili. Ukifutwa, anarudia kosa lilelile kwa sababu hana cha kulinganisha. Mpe kalamu ya wino kabisa, akiona haiwezekani kufuta atatulia.

Kisha chukua kipande cha boksi, toboa tundu katikati, pitisha kalamu, ili boksi limzibe asione anachochora. Aweke mkono wa kushoto mezani. Macho yatembee kwenye ukingo wa vidole polepole, mwendo wa konokono, na kalamu iende kwa mwendo uleule. Kuchungulia marufuku. Na wewe kaa pembeni yake uchore wa kwako. Mtapata vidole vilivyopishana na kucha inayoelea hewani, na mtacheka sana. Zoezi hili hakuna anayelipatia, kwa hiyo hakuna wa kushindwa. Lakini ukitazama vizuri, kuna mkunjo mmoja wa kidole gumba uliotoka kama ulivyo, bora kuliko alivyowahi kuchora akiwa anaangalia karatasi. Mwonyeshe huo.

Tatizo lake, mama, ni kwamba anachora picha alizokariri. Ushahidi mnao juu ya mapaa yenu. Mwambie mtoto yeyote wa Moshi achore Kilimanjaro bila kuutazama: pembetatu yenye kofia nyeupe! Asubuhi mawingu yasipokuwepo, mtoe nje atazame. Kibo, upande wa kushoto, ana mgongo wa mviringo uliolala juu, ncha hana. Mwenye meno ni Mawenzi, kulia kwake, na kati yao kuna bonde refu lililotulia. Pembetatu ni Meru wa wenzetu wa Arusha, na hata huo ukiuendea kwa upande wa mashariki unakuta umebomoka.

Dawa ya kukariri ni kuchora matundu. Weka stuli ya jikoni mbele ya ukuta mtupu. Asichore miguu, achore ile nafasi iliyo kati ya mguu na mguu, moja baada ya nyingine. Hakuna aliyewahi kukariri umbo la nafasi, kwa hiyo jicho linalazimika kuangalia. Akimaliza nafasi zote stuli imeshajitokeza yenyewe, na hapo utamwona anavyokaa wima kwenye kiti. Siku nyingine mpe ua la kanga yako, aligeuze juu chini, alinakili hivyo hivyo. Kazi ni ileile.

Na kuku tummalize leo. Yai lililolala, mbele limeinuka kidogo. Duara dogo juu yake kwa mbele. Viunganishe kwa mistari miwili iliyopinda, umepata shingo. Mkia ni pembetatu iliyonyanyuka. Miguu itoke katikati ya tumbo, ikitoka nyuma kuku ataanguka kifudifudi. Chora kwa wepesi, penseli uishike mbali na ncha, halafu kaza mistari unayoipenda.

Usimwambie "umechora vizuri" kwa kila karatasi. Miaka kumi anajua unamdanganya. Taja unachokiona: "Huyu mkia umeuinua, ameshtuka?" Na kalamu yako isiguse mchoro wake. Dada naye aambiwe.

*Habari za kazi, Mwalimu. Ni fundi cherehani wa Ngarenaro, Arusha, nina miaka 43. Nataka niwachoree wateja mitindo, lakini sura zinatisha na miili inatoka mifupi. Nimechelewa?*

Njema, fundi. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora mwishoni mwa miaka ya 1960, tayari ameshavuka thelathini, kwa rangi za baiskeli. Endelea.

Sura iache. Mteja ananunua gauni, yai tupu linatosha kichwani. Ukitaka macho lazima, yaweke katikati kabisa ya yai, nusu juu nusu chini. Karibu kila anayeanza huyapandisha kwenye paji la uso, na hapo ndipo utisho unapotoka.

Mwili una kipimo: mtu mzima ni kama vichwa saba na nusu kutoka utosini hadi unyayoni, na nusu ya urefu inaangukia kwenye nyonga. Tepu si iko shingoni? Pima mtu mmoja uone. Wachoraji wa mitindo huongeza hadi vichwa tisa, wanarefusha miguu ili nguo ianguke vizuri, lakini ukimshonea mteja rudi kwenye saba na nusu, la sivyo mtagombana.

*Mwalimu, ninunue penseli gani?*
*Mwanafunzi, Kijenge*

2B moja. HB ya shule ni ngumu kidogo, inakulazimisha kukandamiza. Chora kwenye kauntabuku la kawaida, maana karatasi ya bei inaogopesha. Seti ya rangi zisubiri.