Jibu linatangulia swali

SWALI: Nikisoma manga, yaani katuni za Kijapani, jibu linatangulia swali na mtu anaanguka kabla hajapigwa. Manhwa, katuni za Kikorea, hazinisumbui. Nakosea wapi? Na mbona hadithi hizi haziishi utamu?

JIBU: Unaanzia upande usio wake. Manga husomwa kulia kwenda kushoto: shika kitabu mgongo ukiwa kulia kwako, anza na fremu ya juu kulia, na ndani ya fremu, kiputo cha maneno cha kulia. Zamani baadhi ya tafsiri ziligeuzwa kama kwenye kioo, samurai wakawa wa mkono wa kushoto wote! Manhwa huanzia kushoto. Zile za simu unateremsha tu. Ila usiteremshe mbio. Ile nafasi tupu kati ya picha ndiyo kimya chenyewe, huchelewesha pigo.

Utamu unatokana na ratiba kali. Jarida la manga la Shōnen Jump, lililoanza 1968 huko Japani, hutoa kila wiki sura za kurasa 19 hivi, na huwauliza wasomaji hadithi tatu walizozipenda. Inayozorota hukatwa. Ndiyo maana ukurasa wa mwisho mlango hufunguka, anayeingia humwoni.